IST old model inatetemeka kwenye foleni, fundi kasema giaboksi. Nataka nifungue mwenyewe nyumbani, nianzie wapi?

KijanaWaGoba
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST old model ya 2003, injini 2NZ ile ya cc 1298. Jumamosi niliipeleka kuosha, dogo akaniuliza "na injini bosi?" na mi kwa ushamba wangu nikamwambia piga tu, akaingiza ile bomba ya presha hadi nikaona povu linatokea upande wa pili. Jumapili haikutoka. Jumatatu asubuhi nawasha naona inatetemeka kama mtu mwenye malaria, nikiwa kwenye foleni nimeweka D nimekanyaga breki ndo balaa kabisa, usukani unacheza, kiti kinacheza, hadi kioo cha katikati kinacheza. Ikifika spidi 60 inatulia kidogo ila nguvu hamna, kwenye kilima nimepitwa na bajaji ina abiria watatu na mzigo.

Nimeenda kwa fundi wa mtaani, kasikiliza dakika mbili, kasema giaboksi inaanza kufa, nozeli za kupuliza petroli zimeziba, halafu tubadilishe na mkanda wa taimingi kabisa, jumla laki 4 na nusu. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawaka. Laki 4 na nusu sina. Nina soketi namba 10, bisibisi, jeki na wikiendi nzima. Nianzie wapi?

MzeeWaSpana
Kabla ya yote, rudi kwa huyo fundi umwombe kwanza akuonyeshe huo mkanda wa taimingi uliochoka. 2NZ haina mkanda, ina cheni, na cheni hiyo ukiweka oili kwa wakati inaweza kufika mbali kuliko bodi ya gari lenyewe. Mtu anayetaka kukubadilishia kitu ambacho hakimo kwenye gari, hata hayo mengine aliyosema yaweke pembeni.

Sasa nijibu, ukiwa umesimama ukaweka P au N inatetemeka au inatulia?

KijanaWaGoba
P inatetemeka pia mzee, ila ndogo kuliko D. Na huku nyuma kwenye ekzosi inatoa mlio wa put... put put... put, sio ule mlio wa moja kwa moja.

MzeeWaSpana
Basi giaboksi iache ipumzike. Ingekuwa inatulia kabisa kwenye P na inatetemeka D tu ukiwa umekanyaga breki ningekwambia kaangalie injini mauntini, maana ile mipira ikichanika mtetemo wote unahamia kwenye bodi. Ila ukiongeza na huo mlio wa ekzosi kurukaruka, hiyo gari inamisi. Silinda moja kati ya nne haichomi.

Chuma_Chakavu
Maji hayo. Yameingia kwenye mashimo ya plagi. Acha boneti wazi juani siku nzima itapona yenyewe, mwaka jana Raum yangu ilinifanyia hivyo hivyo

BintiWaTabata
Mkuu si ukapime tu kwa kompyuta, elfu 20 unapata jibu

KijanaWaGoba
@Chuma_Chakavu nimeacha boneti wazi jana tangu saa 4 hadi saa 11 jioni, hamna mabadiliko. @BintiWaTabata nina kale kadude ka bluetooth ka kuchomeka chini ya usukani, nimekachomeka kanawaka taa ila simu inasema haioni gari.

Soketi10
Hako kadude hakajafa. Hizi gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, hasa za miaka ya mwanzo ya 2000, zina lile tundu la pini 16 sawasawa na za Ulaya na Marekani lakini ndani zinaongea lugha yao, kwahiyo vidude vingi vya bei chee haviziwezi. Kuna njia ya kizamani. Kata kawaya kafupi, unganisha pini ya 4 na pini ya 13 kwenye hilo tundu, washa swichi bila kupiga stata, halafu angalia taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza haraka haraka kwa mwendo mmoja bila kupumzika maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika kidogo, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni hitilafu namba 22, ya sensa ya joto la maji. 41 ni sensa ya throto. 31 ni sensa ya hewa inayoingia.

Hesabu pini vizuri. Mstari wa juu ni 1 hadi 8, wa chini 9 hadi 16. Ile ya 16 ina moto wa betri muda wote, ukiigusisha na ya 4 ambayo ni ethi (upande wa hasi) utaona moshi kabla hujaona namba yoyote ya hitilafu.

KijanaWaGoba
Nimefanya. Inakonyeza mwendo mmoja tu, taa zote zinakonyeza hadi ya ABS, nilidhani nimeunguza kitu. Kwahiyo gari inasema ni nzima??

MzeeWaSpana
Gari inasema sensa zake ni nzima. Hizi za zamani za Kijapani cheche ikivuja nje ya plagi kompyuta haina habari, kwake yeye ametuma amri na koili (inayotengeneza cheche) imejibu, imeisha hiyo. Cheche ilikwenda wapi hajui. Ndo maana mtu anapimiwa kwa kompyuta anaambiwa gari haina tatizo huku inatetemeka kama mashine ya kusaga.

Sasa sikiliza, kazi yote ni nusu saa na huna haja ya kununua chochote. Fungua lile kava la plastiki juu ya injini. Utaona koili nne zimesimama mstari mmoja, kila moja imekaa juu ya plagi yake na imefungwa na bolti moja ya namba 10. Kutoka upande wa mikanda ya nje hesabu moja, mbili, tatu, nne. Zima gari. Chomoa soketi ya waya ya koili ya kwanza, taratibu, hako kaklipu ka plastiki kana umri wa miaka ishirini na kakivunjika utakuja kunilaumu mimi. Washa gari, sikiliza sekunde kumi. Imezidi kutetemeka? Basi silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Zima, rudisha waya, nenda ya pili. Utakapofika kwenye silinda ambayo ukichomoa waya wake mlio haubadiliki kabisa, umempata mwizi.

Usichomoe waya wa koili injini ikiwa inawaka, kuna watu wanafanya hivyo kwa ujanja na siku moja wanarushwa hadi kwenye ukuta. Na usiache iwake muda mrefu silinda moja ikiwa haichomi, ile petroli mbichi inatoka inaenda kuungulia kwenye masega (kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi), na masega yakiyeyuka yanaziba ekzosi, hapo ndo utaiona hiyo laki 4 na nusu kweli.

Ukishampata, usikimbilie dukani. Hamisha koili yake weka kwa jirani, ya jirani ilete kwake, rudia jaribio. Tatizo likihama na koili, koili ni mbovu. Likibaki palepale, koili ni nzima, angalia plagi, ikibadilishwa plagi na bado lipo ndo tunaanza kuongea habari za nozeli na kompresheni.

Chuma_Chakavu
mzee huyu angekuwa anafundisha chuo

Mama_Vitz_Kigamboni
Samahani naomba nidandie uzi wa kaka hapa. Vitz yangu ya 2007 asubuhi nikipiga stata inasema TAK mara moja tu kisha kimya, taa zote zinawaka vizuri, honi inapiga. Nikirudia mara tano sita inawaka kama hakuna kilichotokea. Nimeshabadilisha betri, nimeambiwa sasa ni stata. Kabla sijatoa hela ya stata naomba ushauri wenu.

Soketi10
Dada TAK moja nzito ni tofauti na tik-tik-tik-tik ya haraka. Ya haraka mara nyingi ni betri haina kitu. Moja nzito ni stata yenyewe au umeme haufiki wa kutosha. Una mita ya umeme? Zile za njano za elfu 15 zinatosha. Pima betri asubuhi kabla hujawasha chochote, iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu. Ikishawaka inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4, hapo alteneta inachaji.

Mama_Vitz_Kigamboni
Asubuhi 12.5. Ikiwaka 14.1.

Soketi10
Betri nzima, alteneta nzima. Sasa weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye kile chuma chenyewe cha hasi cha betri, sio kwenye kibano, ncha nyekundu iguse chuma kisichopakwa rangi kwenye injini. Mtu mwingine apige stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti ethi yako ina kutu mahali.

Mama_Vitz_Kigamboni
Imesoma 2.3!! Mwanangu ndo alishika mita. Na pale ethi inapofungwa kwenye giaboksi kuna unga wa kijani na mweupe.

MzeeWaSpana
Kigamboni, chumvi ya bahari. Magari ya Kigamboni, Tanga na Mombasa yote ni yale yale. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kwenye vichwa vya betri mwagia maji ya moto yenye bekingi soda, kausha, funga kwa nguvu, paka grisi juu. Ukifungua betri anza na hasi, ukirudisha hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isikulipukie. Na stata waambie waendelee nayo.

Mama_Vitz_Kigamboni
Imewaka mkupuo wa kwanza siku tatu mfululizo. Mungu awabariki. Betri ya zamani nilishamwachia yule fundi jamani, naanza kuhisi ilikuwa nzima

BintiWaTabata
ilikuwa nzima dada 😂 saa hizi iko kwenye gari lake

KijanaWaGoba
Wakuu nimerudi. Moja, mbili, nne ukichomoa waya gari inataka kuzima. Ya tatu ukichomoa hamna tofauti YOYOTE. Nikahamisha koili ya tatu nikaweka kwa kwanza, tatizo likahamia kwa kwanza, tatu ikawa inachoma. Yaani nimesikia raha mtu angu, nimekaa pale chini nimecheka peke yangu jirani akachungulia ukutani.

Ila kuna kitu. Ile koili ya tatu nilipoichomoa ule mpira wake mrefu wa chini umetoka umelowa oili, umevimba na una mpasuko. Nikamulika shimoni na tochi ya simu, plagi haionekani, kuna dimbwi la oili. Maji hamna hata tone.

MzeeWaSpana
Haya, sasa umefika kwenye ugonjwa wenyewe. Ungenunua koili ukaweka ukafurahi, baada ya miezi michache ungerudi hapa tena. Gasketi ya kava ya juu ya injini imekauka. Kwenye 2NZ na ndugu yake 1NZ gasketi hiyo inazunguka kava lote na inazunguka pia mashimo ya plagi, ikiwa ngumu kama plastiki oili inapenya taratibu inajaa shimoni, inalainisha mpira wa koili, mpira unapasuka, cheche badala ya kushuka kwenye plagi inaruka ukutani. Maji ya kuoshea yalikuja kumaliza tu kitu kilichokuwa kinakufa tangu zamani.

Nunua gasketi ya kava, koili moja (ya mtumba iliyotoka kwenye gari zima ni bora kuliko mpya ya kichina isiyo na jina), na plagi nne kama hukumbuki lini ulibadilisha. Usinunue kwa kusema "ya IST", nenda na ya zamani mkononi.

Na hapa usikimbie: usifungue plagi ikiwa bado imezama kwenye oili. Ukiilegeza tu dimbwi lote linashukia kwenye silinda na utawasha moshi mtaa mzima wadhani unafukiza mbu. Funga kitambaa kwenye bisibisi, nyonya hadi pakauke, au tumia sirinji yenye mpira. Spana ya plagi zako ni 16. Plagi mpya izungushe kwa mkono hadi ikae ndipo ukaze kidogo, hedi (kichwa cha injini) ni aluminiamu, ukiharibu uzi wake hapo pana kilio.

Kava lina bolti na nati za namba 10 pembeni kote. Safisha pale linapokaa kwa kitambaa, usikwangue na bisibisi. Silikoni inawekwa sehemu MBILI tu, pale kava la cheni linapokutana na hedi, kila upande kidonge kidogo. Mafundi wetu wana tabia ya kuzungushia silikoni kama wanapamba keki, ile inayozidi inadondoka ndani, inasafiri na oili inaenda kuziba chujio la pampu. Kaza kwa kupishana, kidogo kidogo, hizo bolti zinataka nguvu ya kifundo cha mkono tu, mtu mwenye hasira anazikata.

Nganya_Ruiru
Salamu kutoka Kenya. Hii mambo ya kumisi imenigusa. Niko na Honda Fit ya 2005, ile injini ya i-DSI. Inatetemeka vile vile, mekanika akabadilisha plagi zote nne, bado. Akabadilisha koili moja, bado. Sasa ananiambia ni injini nzima nitafute Kirinyaga Road pale Nairobi.

Soketi10
Amebadilisha ngapi?

Nganya_Ruiru
Nne. Zote.

Soketi10
Boss hiyo injini ina plagi NANE. Kila silinda ina mbili, nne mbele unaziona ukifungua boneti na nne nyuma zimejificha upande wa kioo, watu wengi wanafungua hadi plastiki ya chini ya waipa ndo mkono upite. Na koili ni nane pia.

Nganya_Ruiru
Wacha!! Kwani hizo za nyuma ziko hapo tangu ilipotoka Japani?

Soketi10
Uwezekano mkubwa sana

Nganya_Ruiru
Nimetoa moja ya nyuma sasa hivi, mkono umechubuka wote. Ile ncha imeisha kabisa, pengo naweza pitisha kucha. Jumamosi naweka nne mpya. Na ikiondoka kwa taa za barabarani inashtuka-shtuka, hiyo pia ni plagi?

MzeeWaSpana
Hiyo nyingine. Hiyo gari ni CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), kushtuka wakati wa kuondoka mara nyingi ni oili ya giaboksi imechoka au iliwekwa ya kawaida ya otomatiki. Inataka oili yake ya CVT ya hao hao Honda, sio kitu kingine chekundu chochote. Badilisha, endesha wiki moja, kama bado njoo na uzi wako tuongee huko, hapa tumalize ya IST.

Passo_Iringa
mi naomba ya mwisho mzee usinifukuze. Passo yenye injini 1KR, inachemsha kwenye foleni tu. Njia kuu hata kupanda mlima Kitonga haina shida.

MzeeWaSpana
Njiani upepo wa mwendo unapooza rejeta, kwenye foleni anayepooza ni feni. Washa AC ikiwa imesimama, feni inazunguka?

Passo_Iringa
haizunguki. ila nikiigusa na kijiti inaanza. Na kitu kingine ile taa ya bluu ya ubaridi inachelewa sana kuzima, hasa asubuhi huku kwetu baridi, naweza kufika kazini haijazima

MzeeWaSpana
Feni ikianza kwa kijiti brashi za mota yake zimeisha, chukua mota nyingine, ijaribu kwanza kwa nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri kabla hujalipa. Vidole mbali na mapanga.

Hiyo taa ya bluu ndo imenikera. Passo haina mshale wa joto, ina taa ya bluu ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, basi. Bluu ikikaa hadi unafika kazini mara nyingi kuna mtu ilipoanza kuchemka alitoa temostati (valvu inayozuia maji hadi injini ipate joto) akatupa. Tabia hii imeenea nchi nzima na sijui nani aliianzisha. Feni ni mbovu, mtu anatoa temostati! Matokeo yake injini haipati joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi ya baridi siku nzima, inamwaga petroli zaidi, unalalamika gari inakunywa. Rudisha temostati. Kabla ya kuifunga itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji, chemsha, lazima uione inafunguka kabla maji hayajatokota na inajifunga ikipoa. Sufuria isiwe ya mama mwenye nyumba. Weka kulanti, maji ya bomba yanaleta kutu. Na mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto, nimeona mtu alivyobabuka uso mzima na sitaki kuelezea.

KijanaWaGoba
Wakuu ripoti. Nimeanza Jumamosi saa 3 nimemaliza saa 9, humo ndani kuna saa nzima ya kutafuta bolti moja iliyodondokea kwenye kava la chini. Gasketi ya zamani ilivunjika vipande kama biskuti. Silikoni sehemu mbili tu mzee, nilijizuia. Koili ya mtumba nimeipata Ilala Shauri Moyo elfu 30, nikamwambia muuzaji nitaijaribu kwanza, akanuna ila akakubali. Gasketi na plagi ukijumlisha na nauli haijafika laki moja na nusu.

Nimewasha. Dakika mbili za kwanza moshi kidogo, nadhani ni oili niliyoidondoshea kwenye ekzosi. Halafu kimya. Nimeweka glasi ya maji juu ya injini, maji yanatikisika kidogo tu. Nimepanda kile kilima, bajaji nimeiacha.

MzeeWaSpana
Safi. Baada ya wiki fungua koili moja uchungulie, shimo likiwa kavu umemaliza. Kagua tena zile bolti za kava, usikaze, kagua tu.

Chuma_Chakavu
na injini usioshe tena

KijanaWaGoba
Naifuta na kitambaa tu saa hizi. Tatizo ni lile spana la plagi namba 16, jirani aliyechungulia ukutani kaja kuliazima Jumapili jioni, naye ana IST. Leo Alhamisi. Nasikia anagonga gonga huko kwake hadi usiku na kurudisha hajarudisha.